Shairi linapita, mwigizaji anarudishwa

Juzi kati nilienda kwenye usiku wa sanaa za Palestina hapa Dar, kaukumbi kadogo tu ghorofa ya kwanza, viti vya plastiki, feni mbili na moja haizunguki, vijana wa chuo ndo walioandaa kila kitu kwa hela zao za mfukoni. Wakasoma mashairi, wakasoma na zile simulizi za vijana wa Gaza, mishumaa ikawashwa, watu wakatoa simu wakarekodi, ukumbi ukawa mzito kweli kweli. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja kavaa kanzu na koti, katulia, kaegemea fimbo yake. Dada mmoja alipomaliza kusoma, sauti inamtetemeka, hamna anayepumua, mzee akainua mkono: "Samahani mwanangu, huyu mtoto aliyeyaandika haya, yuko wapi sasa hivi?"

MC akaangalia karatasi yake. Akawaangalia wenzake. "Mzee wangu, kwa kweli hilo hatujui." Halafu akaendelea na ratiba, maana muda wa ukumbi ulikuwa unaisha na mwenye ukumbi alishakuja kuchungulia mlangoni mara mbili.

Mi toka siku ile swali la yule mzee halinitoki kichwani, na kadiri ninavyolizungusha naona ndo kipimo hasa cha tamasha lolote la maigizo, mashairi na ngoma za Palestina, liwe Ramallah, liwe London, liwe kwenye kaukumbi ketu. Kazi imefika, sawa. Mwenye kazi yuko wapi?

Nianze na maneno kwanza maana yametubebea mambo bila sisi kujua. Kwa Mwarabu shaair ni mtu, mtunzi mwenyewe anayesimama mbele yako na koo lake. Kwetu shairi ni ule utungo. Yaani neno limevuka bahari, mtu amebaki kule. Sina ugomvi na Kiswahili, mi nasema tu inachekesha, kwa sababu ndo yaleyale yanayowapata Wapalestina kila siku.

Na mfano wa wazi kabisa ni Mahmoud Darwish, mshairi wa Kipalestina. Kazaliwa 1941 kijiji cha al-Birwa, kule Galilaya, 1948 kijiji kikavunjwa, familia ikakimbilia Lebanon, walivyorudi kimya kimya wakakuta nchi ina jina jingine na wao kwenye sheria wamepewa cheo cha ajabu, kwa Kiarabu wanakiita hadhirun ghaibun, yaani upo na haupo, umehudhuria na uko ghaibu. Upo maana mwili wako tunauona na kodi utalipa, ila kwenye ardhi yako haupo. Waarabu waliobaki ndani ya Israel waliishi chini ya utawala wa kijeshi mpaka 1966, kutoka kijiji kimoja kwenda kingine ni kibali, na Darwish alifungwa na kuzuiwa kutoka nyumbani zaidi ya mara moja kwa makosa ya aina hiyo, kusafiri bila kibali, kusoma mashairi mbele za watu. Sasa hapo ndo matamasha yao yalipoanzia. Miaka ya 50 huko, vijiji kama Kafr Yasif walikuwa wanafanya mahrajan ya mashairi, mtunzi anapanda, anaghani, wanakijiji wamejaa, wengi hawajui kusoma, na kesho yake asubuhi mistari iko midomoni mwa watu shambani. Mdhibiti wa magazeti angekata nini hapo? Watu wameshalibeba kwa ghaibu. Angalia lile neno tena: sheria inamwita mtunzi ghaibu, na watu wanashika utungo wake kwa ghaibu.

Lile shairi lake maarufu la 1964, la kitambulisho, mtu anaongea na karani wa serikali dirishani. Mi Kiarabu changu ni cha madrasa tu, lakini siku ya kwanza kulisikia likighaniwa nilishtuka. Linaanza na "sajjil". Sajili! Nani hapa hajasajili laini ya simu akasimama foleni na kitambulisho mkononi? Namba ya kitambulisho anaitaja, khamsuna alf, hamsini elfu. Mwishoni mwa ubeti anamuuliza karani kama taghdhab, na wewe msomaji ghadhabu unaijua. Huhitaji mkalimani, unahitaji tu kuwahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya umma. Baadaye Darwish mwenyewe alilichoka shairi hilo, watu ukumbini wanalipigia kelele na yeye anakataa kulisoma, na namwelewa: lilikuwa jibu kwa karani mmoja wa Kiisraeli, sasa unamwambia Mwarabu mwenzako ukumbini Beirut kwamba wewe ni Mwarabu ili iweje. Lakini kachelewa, shairi lilishaondoka zake. Yeye kafariki Houston, Marekani, Agosti 2008, shairi bado linazunguka.

Hiyo ndo nguvu ya shairi. Halitaki ukumbi, halitaki taa, halitaki seti. Linapita mpakani ndani ya kichwa cha mtu na askari hata akikuvua viatu halioni.

Maigizo sasa. Maigizo ni mwili. Unahitaji watu sita wakutane kila jioni kwa miezi miwili wakifanya mazoezi, unahitaji fundi wa taa, mbao, nguo, halafu siku yenyewe unahitaji waigizaji na watazamaji wawe sehemu moja wakati mmoja, wote, akikosekana mmoja hamna onyesho. Weka hilo kwenye Ukingo wa Magharibi. Mwigizaji wa Jenin kwenda kucheza Jerusalem anahitaji kibali cha jeshi la Israel. Wa Gaza kwenda Ramallah, hata kabla ya vita iliyoanza Oktoba 2023, ilikuwa karibu na haiwezekani. Unaweza ukawa na mchezo mzuri kuliko yote na usiku wa uzinduzi mhusika mkuu kakwama kwenye foleni ya magari kilomita 20 kutoka ukumbini. Kwa Kiswahili sehemu ile barabarani wanapokusimamisha tunaiita kizuizi, na mtu akifungwa bila kesi tunasema yuko kizuizini, neno moja hilohilo, na kwa wasanii wa Palestina kweli ni kitu kimoja, kinatofautiana tu muda.

Mi naamini umbo la maigizo ya Kipalestina limetengenezwa na hivyo vibali kuliko nadharia yoyote ya wasomi. Mbona wana michezo mingi ya mtu mmoja? Mohammad Bakri, mwigizaji wa Kipalestina, alizunguka miaka na miaka na igizo la peke yake lililotokana na riwaya ya Emile Habiby ya 1974, ile ya Said, jamaa mwenye matumaini na asiye na matumaini kwa wakati mmoja, neno lenyewe la Kiarabu al-mutashail limeunganishwa nusu kwa nusu kama gari la spea za kuokoteza. Mtu mmoja, jukwaa tupu, sanduku moja. Kibali kimoja. Sisemi ndo sababu pekee, kuna utamaduni wa hakawati pia, yule msimulizi wa hekaya migahawani, hata ukumbi wao wa taifa kule Jerusalem Mashariki umezaliwa na jina hilo: kundi la El-Hakawati lilianza 1977, François Abu Salem akiwa mmoja wa waanzilishi, na 1984 wakachukua jumba la sinema la zamani, al-Nuzha, wakaligeuza ukumbi wa maigizo. Ila ukiniuliza mi kwa nini hakawati hajafa kama walivyokufa wasimulizi wengine, nitakwambia ni kwa sababu yeye ni mwigizaji anayesafiri na mdomo tu.

Au chukua Ashtar, kundi la Ramallah lililoanzishwa 1991 na Edward Muallem na Iman Aoun. Baada ya vita ya Gaza ya 2008 hadi 2009 waliwafundisha vijana 31 wa Gaza, kila mmoja akaandika simulizi yake. Vijana wenyewe hawawezi kutoka. Basi Ashtar wakafanya kitu cha akili, 2010 wakayatoa maandishi bure kwa dunia: chukueni, igizeni nyie kwa niaba yao. Watoto wa nchi chungu nzima wakayasoma kwa lugha zao. Na Novemba 29, 2023, siku ya Umoja wa Mataifa ya mshikamano na Wapalestina, yakasomwa tena kila kona ya dunia, maana vita ilikuwa imerudi mbaya mara nyingi zaidi. Hizo ndo zilizosomwa kwetu siku ile. Fikiria waliandika wakiwa wa umri wa sekondari, leo ni watu wa miaka 30 kuelekea huko. Sisi ukumbini tunalia na mtoto, na mtoto hayupo tena, kuna mtu mzima sehemu fulani, kama yuko hai.

Ndo maana nasema swali la mzee sio dogo.

Kuna mtu alishawahi kulifuatilia swali hilo mpaka mwisho, na majibu yake sio ya kupendeza. Wakati wa intifada ya kwanza, yale maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, shule zimefungwa, mama mmoja wa Kiyahudi wa Israel, Arna Mer-Khamis, aliingia kambi ya wakimbizi ya Jenin akaanza kuwafundisha watoto kuchora na kuigiza. Mwaka 1993 akapewa tuzo ya Right Livelihood, hela akaziingiza kwenye ukumbi wa watoto. Ukumbi wenyewe ulikuwa wapi? Ghorofa ya juu ya nyumba ya mama mmoja wa kambini, Samira Zubeidi. Aliwapa tu. Arna akafariki kwa saratani 1995. Mwanawe Juliano, mwigizaji, baba yake Mpalestina, alikuwa anawarekodi wale watoto kwenye mazoezi, wanacheka, wanasahau maneno yao, wanagombania taji la karatasi. Aprili 2002 jeshi la Israel likaingia kambini, ukumbi ukavunjwa, Samira naye alishauawa kabla ya hapo. Juliano akarudi na kamera kuuliza swali lilelile la mzee wetu: wale watoto wako wapi? Wengi walikuwa wamekufa na bunduki mkononi. Mmoja wao Oktoba 2001 alikwenda mji wa Hadera akafyatulia watu risasi barabarani, wanawake wanne wakafa, naye akauawa palepale. Filamu ilitoka 2004 na ukiiona hutaki tena kusikia mtu akisema kwamba sanaa inamwokoa mtoto, kama dawa ya minyoo, meza mara mbili kwa mwaka upone.

Lakini angalia alichofanya baada ya hapo. Mmoja wa waliobaki hai alikuwa Zakaria, mtoto wa Samira, wakati huo ndo kamanda wa wapiganaji wa kambi, mtu anayetafutwa kuliko wote Jenin. Mwaka 2006 Juliano, Zakaria na Jonatan Stanczak wa Sweden wakafungua Freedom Theatre hapohapo kambini. Na hawakufanya maigizo ya kuomba huruma. 2009 wakapandisha Shamba la Wanyama, ile hadithi ya nguruwe wanaofanya mapinduzi halafu wanakuwa wabaya kuliko bwana wa kwanza, na kila mtu ukumbini alijua nguruwe ni kina nani, ni wakubwa wa Mamlaka ya Palestina wenyewe. Ukumbi ukajaribiwa kuchomwa moto. Wasichana na wavulana jukwaa moja, wengine kambini hawakulipenda hilo kabisa. Aprili 4, 2011 mtu aliyefunika uso akamsimamisha Juliano ndani ya gari lake nje ya ukumbi, mtoto wake mchanga yumo humo, akampiga risasi akafa. Muuaji mpaka leo hajahukumiwa.

Hapa huwa nawashangaa watu wa pande mbili. Kuna wanaotaka hadithi iwe kwamba msanii wa Palestina ana adui mmoja tu. Kuna wengine wanaishikilia hiyo ya Juliano kama ushahidi kwamba tatizo ni wao kwa wao na ukoloni wa kijeshi ni kisingizio. Wote wanakwepa. Ukumbi ule umevamiwa na jeshi mara kadhaa, na umetishiwa na majirani zake, na yote ni kweli siku moja. Desemba 13, 2023 askari wa Israel waliingia wakapekua, wakavunja vitu, wakachora kuta kwa rangi, wakamkamata mkurugenzi wa sanaa Ahmed Tobasi, wakamwachia siku iliyofuata, na meneja mkuu Mustafa Sheta wakaondoka naye jumla. Akakaa kizuizini bila mashtaka miezi 15, katoka Machi 2025. Alipotoka, kambi yenyewe hamna, toka Januari mwaka huo operesheni ya jeshi ilishawaondoa wakazi karibu wote. Meneja yupo, ukumbi hauna watu.

Mkenya yeyote wa umri fulani akisoma hayo anaijua stori, kaishi nayo. Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, 1977 wakacheza igizo la Kigikuyu walilotunga na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, watu wakaja kwa mabasi. Serikali ikafuta leseni, na siku ya mwisho ya mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akabebwa kizuizini bila mashtaka. Machi 1982 polisi wakaja wakaubomoa ukumbi. Vitabu vyake viliendelea kuuzwa madukani Nairobi! Hapo ndo pa kukaa napo. Riwaya zilivumilika, kilichoshindikana kuvumiliwa ni mama wa shamba la chai kusimama jukwaani kwa mwili wake mbele ya jirani zake. Dola inajua vizuri kuliko wachambuzi wa sanaa kipi cha kuogopa.

Kwa hiyo tamasha la Palestina likifanywa vizuri, linafanya kazi ya kuhamisha miili. PalFest, tamasha la fasihi la Palestina, ndo mfano ninaoupenda. Aliyeianzisha ni mwandishi wa Misri Ahdaf Soueif mwaka 2008, na Chinua Achebe wetu alikuwa mmoja wa walezi wake wa mwanzo. Wazo lake ni jepesi mpaka unajiuliza kwa nini hamna aliyelifikiria: kama watazamaji hawawezi kwenda kwenye tamasha, tamasha liende kwa watazamaji. Waandishi wanaingia kupitia daraja la Yordani, wanasubiri kama wanavyosubiri wengine, halafu basi linazunguka, usiku mmoja Ramallah, mwingine Bethlehem, mwingine Jerusalem, kila jioni mji tofauti, kwa sababu mtu wa Bethlehem hawezi kwenda ukumbini Jerusalem bila kibali, miji ambayo ni karibu kama Kariakoo na Mbezi. 2012 walifika hadi Gaza kwa kupitia Misri.

Mei 2009 usiku wa ufunguzi ulikuwa palepale El-Hakawati. Watu wamefika, vitafunwa viko mezani, polisi wa Israel wakaingia na amri ya kufunga. Basi wenye tamasha, waandishi, wageni, wakatoka wote wakatembea kwa miguu barabarani mpaka kituo cha utamaduni cha Wafaransa, wakaendelea na usomaji bustanini. Usiku wa kufunga tamasha, polisi hao tena, safari hii wakahamia British Council. Ukinambia nichague onyesho bora la mwaka huo nitachagua ule msafara. Amri ilifunga jengo, watu wakalibeba tamasha na kusogea nalo mitaa kadhaa.

Huko Ulaya na Marekani mambo ni mengine, huko hawafungi na polisi, wanafunga kwa barua pepe. Septemba 2023 chuo kikuu cha Pennsylvania kilipokea tamasha la Palestine Writes, wafadhili wakubwa wakakasirika, wakilalamika kwamba kuna wazungumzaji wenye kauli za chuki dhidi ya Wayahudi, waandaaji wakakataa madai hayo, tamasha likafanyika, na moto uliowashwa hapo ulichangia mpaka rais wa chuo akajiuzulu Desemba. Manchester, ukumbi wa HOME ulifuta usiku wa waandishi wa Gaza mwaka 2024 baada ya malalamiko, wasanii waliokuwa na maonyesho kwenye jengo hilohilo wakaanza kutoa kazi zao ukutani moja baada ya nyingine, na kuta zilivyoanza kubaki na misumari mitupu, uongozi ukabadilisha mawazo, usiku ukafanyika Aprili. Mi nimejifunza kitu hapo. Tamko la kulaani lisingefanya kazi ile. Msumari mtupu ulifanya.

Halafu kuna hii ishu ambayo ndo inanikera, na najua nitagombana na marafiki. Dunia inampenda msanii wa Palestina akishakufa. Refaat Alareer alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, mtu wa Shakespeare na John Donne, mcheshi, mkali, anayebishana mtandaoni kutwa nzima. Desemba 6, 2023 akauawa kwenye shambulio la anga pamoja na kaka yake, dada yake na watoto wa dada yake. Shairi lake la tiara, aliloliandika miaka mingi kabla, likasambaa dunia nzima, Brian Cox yule mwigizaji wa Uskochi akalisoma kwenye video ya PalFest, tiara zikatengenezwa zikapeperushwa kwenye maandamano kuanzia London hadi wapi sijui. Ni shairi zuri, sina tatizo nalo. Tatizo ni kwamba Alareer alikuwepo miaka yote hiyo, anafundisha, anahariri vitabu vya wanafunzi wake, ni wangapi kati yetu tuliomsoma? Na sasa kila usiku wa Palestina lazima liwepo, na mara nyingi linasomwa na mtu asiyeweza kutaja jina la mshairi mmoja wa Gaza aliye hai. Wapo. Mosab Abu Toha yupo, alikamatwa na askari Novemba 2023 akiwa anatoka Gaza na familia yake, akapigwa, akaachiwa, na 2025 akapata tuzo ya Pulitzer kwa makala zake. Mwiteni. Lipieni tiketi ya ndege. Akinyimwa viza, hiyo barua ya kunyimwa viza isomwe jukwaani kabla ya mshumaa wowote.

Nasikia mtu ananiambia, "Ndugu yangu, watu wanakufa na wewe unahesabu mishumaa." Sawa. Lakini tazama wenyewe wanafanya nini. Agosti 2018 ndege za Israel ziliangusha kituo cha utamaduni cha Said al-Mishal huko Gaza, jengo la ghorofa tano lenye ukumbi wa maigizo, Israel ikasema Hamas walikuwa wanalitumia. Wasanii walirudi wakapiga muziki juu ya kifusi. Dabke, ile ngoma yao ya kushikana mikono na kupiga chini mguu, UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi 2023, ni ngoma ya harusi! El-Funoun wa al-Bireh wanaicheza toka 1979 na ukiwaona wanavyorusha vile visigino unajua hawa watu wamekuja kufurahi na pia kujionyesha. Sherehe ndo nusu ya sanaa yenyewe. Ukiiondoa ukabaki na kilio peke yake, umefanya kazi ya karani yule wa dirishani, umeandika jina na namba ya kitambulisho ukaacha mtu.

Nirudi kwenye kaukumbi ketu nimalizie. Karibu na mwisho vijana walicheza kaigizo ka dakika kumi walikokatunga wenyewe, halikuwa limetangazwa hata kwenye bango. Familia ya bibi harusi imekwama kizuizini na keki ya harusi ya tabaka tatu. Askari anataka kuikagua. Anachoma kisu tabaka la chini, hamna kitu. Anaita mwenzake, anachoma la kati. Jua kali, krimu inaanza kuyeyuka, shangazi analinda tabaka la juu kwa mtandio, anamwambia askari, "Baba, hilo la juu lina ndoa tu ndani." Mkaguzi anataka kibali cha keki. Bwana harusi anapiga simu kutoka upande wa pili kila baada ya sekunde 30. Mwisho geti linafunguliwa, keki imebaki kipande kama cha sabuni.

Ukumbini watu hawakujua kama inaruhusiwa kucheka. Walikuwa wameshakaa mkao wa msiba. Mzee wangu alicheka peke yake, kicheko kikubwa cha kifua, mpaka fimbo ikaanguka, na watu wa mbele wakageuka kumtazama vibaya. Mi nikainama kumwokotea fimbo nikawa nacheka huko chini.

Tulipotoka nilimkuta kwa muuza kahawa hapo nje, nikamwamkia, tukaagiza vikombe viwili na kashata. Nikamuuliza usiku umeonaje. Akanywa kwanza. "Wale wengine nimewaonea huruma sana, Mungu awape subira," akasema. "Ila yule shangazi wa keki, yule namjua. Yule nimekulia naye nyumba moja." Halafu akaniuliza kama najua lini watacheza tena, na kama kuna mtu wa kule atakuja.